Nyumba Iliyobebwa Ili Ipigwe Picha

Kapitan Delfin, mkuu wa kitongoji, akimwita Luming "Mare", ujue anataka kitu. Siku nyingine zote humwita Aling Luming, yaani Bi Luming, kama wanavyomwita watu wengine wa kitongoji, lakini asubuhi ile ya Juni alianza kuita tangu nje ya ua: "Mare! Mare, upo?" Mare ni mama wa mtoto uliyemsimamia ubatizo, na kweli yeye ndiye baba wa ubatizo wa Analyn, binti pekee wa Luming, na udugu wa namna hiyo si wa kuchezea. Ndiyo maana Luming alitoka na mikono yenye unga wa mchele, akawakaribisha kabla hajajua wamefuata nini.

Nyuma ya Kapitan alikuwa Marivic, mwanamke wa mjini anayewaongoza wageni. Wageni wenyewe ni wanafunzi wa kujitolea kutoka Kanada, kundi zima, wamekuja likizo yao ya kiangazi. Kiangazi ni chao. Huku Quezon mwezi wa Juni mvua imeshapiga hodi, na kila mwenye akili ameshaziba paa lake.

"Wameshapaka kanisa rangi," Marivic akasema huku akijipepea. "Wamecheza ngoma ya mianzi, wamekula yai lenye kifaranga, mmoja akatapika. Sasa kimebaki kitu kimoja. Wanataka kubeba nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Kapitan akaangalia ndala zake. "Mare, si unaona mwenyewe. Siku hizi kila mtu amejenga kwa matofali. Nyumba ya mianzi na makuti, inayobebeka, imebaki yako tu."

Luming hakujua acheke au afunge mlango. Nyumba hubebwa, hilo analijua tangu utoto. Hubebwa mto unapokula ukingo, au mwenye shamba anapotaka ardhi yake, au watoto wanapomsogeza mama yao mzee karibu nao. Majirani huja bila kuitwa mara mbili, wanafunga mianzi mirefu chini ya sakafu, wanaingiza mabega, na nyumba inatembea. Lakini nyumba kubebwa kwa sababu tu kuna watu wanataka kubeba, hiyo hakuwahi kuisikia.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

Marivic akacheka. "Haiendi popote, Aling. Inazunguka uwanja wa mpira wa kikapu, tunapiga picha, inarudi kwenye mawe yake."

"Analyn ana kifua. Daktari amesema asilale penye unyevu. Hapa pameinuka, ndiyo sababu baba yake alijenga hapa. Mvua ikiikuta nyumba huko chini, je?"

"Mvua gani? Hebu tazama juu," Kapitan akasema, kisha akashusha sauti. "Usinitie aibu mbele ya wageni, Mare. Nimeshawaahidi."

Akina mama, hilo neno aibu mlisikie vizuri. Mtu anaweza kuuvuta mkeka unaoulalia, mradi akuambie kukataa ni aibu mbele ya wageni. Mumewe Luming alikuwa Manila kwenye kazi za ujenzi, hakuwepo wa kusema badala yake. Moyo wake ulisema hapana, waziwazi kabisa. Mdomo wake ukasema, "Haya."

Jumamosi alipika tangu alfajiri. Mwenye nyumba ndiye anayewalisha walioibeba, hiyo haina mjadala, hata kama hakuomba ibebwe. Akapika wali sufuria kubwa, tambi, na nguruwe wa siki na vitunguu saumu. Wanaume wa kitongoji walikuja mapema na mapanga na kamba. Aliyewatangulia ni Isko, jirani yake, mtu mwenye mdomo lakini mwenye mkono pia. Wakafunga mianzi chini ya nyumba, wakakaza, wakaijaribu kwa bega. Ilikuwa tayari.

Ndipo Marivic akapiga makofi. "Asanteni sana akina baba! Sasa naomba msogee kando, tuwaachie wanafunzi. Wanatakiwa waonje wenyewe."

"Waonje?" Isko akasema. "Hii ni nyumba, Bibie, si supu."

Watu wakacheka. Isko hakucheka. "Mabega yale yamezoea mkoba wa vitabu. Tuchanganyane. Mmoja wao, mmoja wetu."

"Mkichanganyika nao hawataonekana kwenye picha."

Wanaume wakamtazama Kapitan. Kapitan akajifanya anaangalia kamba. Basi wakasogea kando, wakasimama kidogo, kisha mmoja akakumbuka nyati wake hajafungwa, mwingine akakumbuka hili, mwingine lile, wakaondoka. Luming akamkimbilia Isko njiani.

"Mbona mnaondoka? Chakula kipo tele!"

"Sijabeba, Luming. Nile nini?"

Chakula kile ni cha bega lililobeba. Kukila bila kubeba, hata mlevi wa kitongoji hathubutu.

Wanafunzi wakaingia chini ya mianzi, wakapiga kelele, wakainua. Nyumba iliinuka kweli, lakini iliinuka upande mmoja kwanza. Luming, amemshika Analyn mkono, akasikia mtungi wake ukibingirika ndani kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyesimama. Walikuwa wanaimba. Walipofika uwanjani, badala ya kuwaacha wazunguke, Marivic akapaza sauti, simu mkononi: "Shukeni kule chini! Kule mlima unaonekana vizuri!"

"Kule ni bondeni!" Luming akaita. "Kule kuna mfereji!"

Nyumba ikateremka. Wakaitua kwenye matope anapogaagaa nyati, wakagongana viganja, wakakumbatiana. Msichana mmoja mwenye madoadoa usoni, Brooke jina lake, alikuwa analia kwa furaha. Akamkumbatia Luming shingoni. "Salamat, Nanay!" Asante, mama. Luming akampigapiga mgongoni. Angefanya nini kingine?

Wakala kwa mikono juu ya majani ya migomba, kwenye banda la Kapitan, wakicheka wali ulipowaponyoka vidoleni. Luming aliwahudumia huku jicho lake liko mlimani.

"Marivic, nyumba."

"Wapumzike kidogo, Aling. Huoni walivyochoka?"

Akaongeza wali. Akaongeza nyama. "Marivic, mlima umefunikwa."

"Kidogo tu, Aling. Wamalize matunda."

Mvua ya Juni haina manyunyu. Ilishuka yote pamoja, banda likanguruma hata watu wakawa wanasemeshana kwa mikono. Marivic akaitazama simu yake, uso ukambadilika. Mto ukijaa daraja linafungwa, na wageni wana ndege ya kuwahi. Akapuliza filimbi. Wanafunzi wakakimbilia basi, mabegi kichwani, wanapiga mayowe ya raha kama watoto wanaooga mvua.

"Na nyumba?" Luming akamshika Marivic mkono.

"Kapitan atawaita wanaume kesho. Au pakikauka."

"Kesho?"

"Aling Luming, usalama wa wanafunzi kwanza. Nielewe."

Luming akateremka mbio bondeni, Analyn nyuma yake na mwavuli. Maji ya mfereji yalishapita chini ya sakafu. Nguzo za upande mmoja zilikuwa zimezama kwenye tope na nyumba imeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Akapanda ndani. Maji yalichungulia katikati ya mianzi ya sakafu. Blanketi la mtoto lilikuwa limelowa, nguo zimelowa, mkeka mmoja tu uliotundikwa juu ulikuwa na upande mkavu. Akautwaa.

Nje Analyn akakohoa. Kisha akaivuta pumzi, na Luming akaisikia ile filimbi ndogo kifuani, ile ambayo mama huisikia hata katikati ya ngurumo.

"Nay, tutalala wapi?"

Swali dogo tu. Lakini ndilo ambalo watu wazima wote wa siku ile, na simu zao na ratiba zao, hawakuliuliza.

Luming akambeba mtoto mgongoni, mkeka kwapani, akapanda mpaka barabarani. Akasimama kwenye mlango wa basi, maji yakimchuruzika usoni.

"Hamjamaliza," akawaambia. "Nyumba yangu iko majini. Shukeni mkairudishe."

Wanafunzi wakamtazama Marivic. Marivic akawageukia, akasema maneno mawili matatu kwa Kiingereza, anatabasamu. Nao wakaweka mikono kifuani, wakampungia. "Salamat, Nanay! Salamat!"

Dereva wa basi, mzee mmoja wa mji wa Lucena aitwaye Mang Tibo, akageuka kwenye kiti chake. "Mama, unajua amewaambia nini? Amewaambia unawatakia safari njema."

Luming hakupiga kelele. Alipanda ngazi za basi. Akapita mbele ya Marivic, akatandika mkeka sakafuni katikati ya viti, akamkalisha Analyn juu yake, kisha yeye mwenyewe akaketi kiti cha mbele, mikono mapajani.

"Aling, unafanya nini?"

"Nahamia. Nyumba yangu mmeibeba mmeiacha majini. Hapa ni pakavu."

"Shuka, tafadhali! Tutaikosa ndege!"

"Ndege mkiikosa mtapanda nyingine. Huyu pumzi akiikosa, nyingine nitaipata wapi?"

"Dereva! Mwambie ashuke!"

Mang Tibo akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati. "Mimi nabeba abiria. Na huyu si amekaa?"

Injini ilipozimika, ndipo wakaisikia filimbi ya kifua cha Analyn. Brooke akauliza kitu. Marivic akafungua mdomo, lakini safari hii Mang Tibo alimtangulia, akawaeleza yote kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akionyesha kwa mkono: mtoto, bonde, mvua, kifua. Uso wa Brooke ukawa mwekundu mpaka masikioni.

Hawakujua. Ni kweli, hawakujua, na Luming hakuwakatalia hilo. Lakini kutojua kwao hakukupunguza hata tone moja kwenye blanketi la mtoto. Walikaa kitongojini wiki nzima wakiuliza jina la kila tunda na kila ndege. Nyumba waliyoitia begani hawakuuliza nani analala ndani yake.

Wakashuka, wote. Wakaingia topeni na viatu vyao vyeupe, wakashika mianzi, wakainua. Nyumba haikusogea. Wakajaribu tena, mmoja akaanguka kifudifudi, lakini tope lilishaing'ang'ania.

Kapitan Delfin akaja mbio na mwavuli, akasimama chini ya dirisha la basi. "Mare, unaniaibisha!"

"Ndiyo," Luming akasema. "Leo ni zamu yako."

"Mare..."

"Kawaite wanaume. Uwaite wewe mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa mdomo huohuo ulionyamaza walipofukuzwa."

Kapitan akaangalia huku na huku, kama kwamba angemwona mtu wa kumtuma. Hakumwona. Akaenda.

Wakaja. Isko alikuwa amejifunika gunia la plastiki kichwani. "Kapitan, sasa tunaruhusiwa kuonekana kwenye picha?" Isko akawapanga kwa kuwashika mabega, mmoja wao, mmoja wetu, akamvuta Brooke, aliyekuwa analia tena, akamweka mbele yake. "Wewe, mama wa machozi, hapa. Usiimbe. Pumua." Kisha akatoa sauti, wakainua wote, na tope likaiachia nyumba kwa mlio mbaya. Kona moja ya paa ilinaswa kwenye mti, ikabaki bondeni.

Luming aliyatazama yote dirishani, kichwa cha mtoto kiko mapajani mwake. Hakushuka. Nyumba ilipanda mteremko taratibu, ikapita uwanja, ikatuliwa kwenye mawe yake.

Kapitan akarudi, analowa, mwavuli umeshageuka nje ndani. "Haya, Mare. Iko mahali pake. Shuka sasa."

Luming akamwomba Mang Tibo amwangalie Analyn. Akaenda kwenye mvua, akapanda ndani, akabonyeza sakafu kwa kiganja. Maji yakamtoka katikati ya vidole. Kwenye kona isiyo na makuti mvua ilikuwa inaingia kama iko kwao. Akarudi kwenye basi, akaketi palepale.

"Bado haijakauka."

Marivic alikuwa karibu kulia. "Aling Luming, mianzi itakauka baada ya siku ngapi?"

"Mimi sijui. Si nyie mlioniambia hakuna mvua?"

Nje Isko akacheka peke yake, kisha akaacha. Wanaume walikuwa wameshalizunguka basi, wanachuruzika maji, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Luming ashuke. Kapitan akawatazama wao, akaitazama nyumba yake mwenyewe ng'ambo ya barabara, ya saruji na mabati, ambayo wageni walikuwa wameihama asubuhi ileile.

"Vyumba vya kwangu viko wazi," akasema chini chini.

"Sema watu wasikie."

"Kaeni kwangu, Mare! Wewe na mtoto. Mpaka nyumba ikauke."

"Na paa?"

"Na paa nitaliezeka."

"Wewe?"

"Mimi, Mare. Mimi mwenyewe."

Ndipo Luming akainuka. Brooke, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, akanyoosha mikono ampokee mtoto. Luming akamtazama, akampa mkeka. Akambeba mtoto yeye mwenyewe.

Mke wa Kapitan aliwatandikia kitanda kikavu, akawasha moto wa maji ya kujifukiza. Kifua cha Analyn kilipiga filimbi siku nyingi. Na kila alipoanza kukohoa, Luming aliinuka akaufungua mlango wa chumba, wazi kabisa, ili Kapitan naye asikie.