Sehemu ya Tatu Hujazwa na Msimamizi

Kila mwaka, wiki ya pili baada ya likizo ndefu, kitivo kiliwaita wanafunzi wake wa uzamivu mmoja mmoja kuwauliza kama wanaendelea. Fomu ilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa ya jina na namba, ya pili mwanafunzi alieleza alichofanya. Ya tatu ilijazwa na msimamizi, kwa siri, ili aseme bila kuoneana haya kama mwanafunzi wake ni mtu au ni gunia. Ya nne ilikuwa ya kamati, na kamati ile ilipenda sana kuweka tiki.

Kwa siri, ndivyo fomu ilivyosema. Ukweli ni kwamba hapakuwa na profesa katika jengo lile aliyejua sehemu ya tatu ina mistari mingapi. Mwanafunzi alijiandikia mwenyewe, akajisifu kwa sauti ya mkubwa wake, akaipeleka karatasi mlangoni, na mkubwa akaisaini amesimama, funguo za gari mkononi. Wote waliujua mchezo huo na wote walijitia hamnazo. Wapya walifundwa na wa zamani: tia chumvi, lakini usizidishe, sema una kipaji, usiseme wewe ni maajabu.

Mwanamke waliyemwita Bi Mabomba alikuwa amekwisha kujisifu mara tatu. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya maji, amepewa ruhusa ya masomo ya miaka mitano, na sasa mwaka mmoja tu ndio uliobaki. Alikuwa akitafiti maji yanayopotea chini ya barabara kabla hayajafika kwenye mita ya mtu. Alitembea mtaa kwa mtaa na ufito wa chuma, ncha moja kwenye lami na nyingine sikioni, akisikiliza mabomba yanavyovuja, na wapita njia walidhani kichwa hakijatulia. Alikuwa ameandika sura tano. Profesa wake hakuwa amesoma hata moja.

Hakusoma maana yake hakusoma, si kwamba alisoma harakaharaka. Sura zilikaa dirishani ofisini kwake, moja juu ya nyingine, zikilizuia pazia lisipeperuke. Profesa alikuwa bingwa wa kufungua semina na bingwa wa kuzifunga. Katikati hapo huwezi kumpata. Ukimkamata koridoni alikwambia, "Nimeziona, nimeziona, tutakaa," na huko kukaa hakukuja. Bi Mabomba alimdharau kwa moyo wake wote. Aliidharau tai yake, alikidharau kikohozi chake cha kabla ya kusema, aliudharau hata mlango wake uliobandikwa saa za kuonana na wanafunzi.

Alitaka kitu kimoja: msimamizi mwingine, anayesoma, kabla ruhusa haijaisha. Tasnifu isiyothibitishwa na msimamizi haikupokelewa, na ruhusa ikiisha angerudi ofisini mikono mitupu. Aliandika barua tatu kuomba. Kanuni ilitaka barua ya kumkataa msimamizi ipitie kwa msimamizi. Zote tatu zilikuwa dirishani.

Basi mwaka huu alipofika sehemu ya tatu hakujisifu. Aliandika mistari miwili: "Sijasoma kazi yoyote ya mwanafunzi huyu tangu aandikishwe. Naomba apewe msimamizi mwingine." Akaipeleka mlangoni. Profesa alikuwa kwenye simu. Alisaini, akatia na tarehe, akamwonyesha dole gumba.

Siku ya kamati alisindikizwa na baba yake, fundi bomba mstaafu. Huyu ndiye aliyezisoma sura zote tano, kidole chini ya mstari, akiweka alama ya penseli kila alipobisha. Pembeni mwa sura ya pili aliandika: "Bomba la inchi nne halivuji hivi. Muulize aliyekwambia." Binti alikwenda kuuliza, na kweli, aliyemwambia alikuwa amebahatisha. Mzee aliketi kwenye benchi la koridoni, akatega sikio upande wa choo, ambako tangi lilikuwa likitiririka bila kukoma.

"Hawa ndio wanaokupa shahada ya mabomba?" akauliza.

"Baba, sauti."

"Nauliza tu, mwanangu."

"Leo watasoma, Baba. Leo hawana pa kukimbilia."

Ndani walikuwa watatu: Mwenyekiti, ambaye biskuti ilikuwa bado mdomoni, Profesa mwenyewe, kwani wasimamizi walikaa humohumo kujikagua, na Mhazili wa kitivo, mwanamke mtu mzima aliyekuwa na majalada mbele yake na sura isiyosema kitu. Mwenyekiti alizipekua kurasa kama mtu anayejipepea. Akafika ya mwisho, akaweka tiki.

"Ameridhisha. Hongera, binti. Aje mwingine."

"Naomba sehemu ya tatu isomwe kwa sauti," Bi Mabomba akasema.

"Hiyo ni siri."

"Mwenye siri si huyu hapa, Mwenyekiti? Aulizwe."

Profesa akatabasamu kwa ukarimu. "Msomeeni tu, hakuna ubaya. Nimemwandikia mambo mazuri sana."

Mhazili akasoma. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akataja na saini na tarehe. Mwenyekiti akaacha kutafuna. Bi Mabomba alimtazama Profesa na kufurahi waziwazi, kwa sababu mtu yule alikuwa na njia mbili tu: aseme aliandika, au aseme husaini asichosoma.

Profesa akakohoa.

"Ndiyo," akasema. "Maneno ni yangu. Nimetingwa na majukumu, na nimeona ni heri nikiri."

"Huo ndio uungwana wa kisomi!" Mwenyekiti akasema, na macho yalimlegea kabisa. "Wangapi kati yetu wangethubutu? Hili liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao."

Bi Mabomba akauma ulimi asicheke. Walikuwa wanamvisha Profesa taji kwa uvivu wake. Wamvishe, mradi yeye ampate msimamizi.

"Samahani," Mhazili akasema. Alikuwa amefungua jalada. "Mwaka jana Profesa aliandika hivi: 'Nimesoma sura zake tatu kwa makini. Ni mwanafunzi mwenye kipaji na uadilifu wa hali ya juu.' Mwaka juzi karibu maneno hayohayo. Na mwaka wa kwanza. Sasa anasema hajasoma kitu. Kanuni ni kwamba ripoti ikikanushwa na aliyeiandika, mwaka wake hauhesabiwi."

"Yaani?" Mwenyekiti akauliza.

"Yaani msimamizi mpya atapewa. Lakini ataandikishwa mwaka wa kwanza."

Mwaka wa kwanza, na ruhusa imebaki mwaka mmoja. Mwenyekiti, ambaye hakupenda kumbukumbu ndefu, akasogeza kiti. "Au mistari hii miwili ikatwe, tuseme kalamu iliteleza, kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Uamuzi ni wako, binti."

Profesa alikuwa akimtazama. Kwa miaka minne hakuwahi kumtazama namna ile. "Ile ya uadilifu wa hali ya juu," akasema polepole, "nimeipenda. Sikumbuki niliitoa wapi."

Bi Mabomba alikumbuka. Aliitoa mezani kwake, sebuleni, akinywa chai. Kwanza aliandika "uadilifu wa kutosha", akaona haina uzito, akafuta. Alikumbuka pia kwamba siku ile alijisikia vizuri. Sasa akitaka kusema kweli ilimpasa aseme yote, kwamba sifa za miaka mitatu alijitungia, na hapo hata huo mwaka wa kwanza asingeupata. Alikuja kuwadharau watu wawili na sasa walikuwa watatu, na huyo wa tatu, yeye mwenyewe, ndiye aliyemchefua zaidi.

"Ikatwe," akasema.

Mhazili akamsogezea karatasi, na Mwenyekiti akampa kalamu aikate mistari mwenyewe. Akaikata. Juu yake akaandika: "Anaendelea vizuri sana." Akaisogeza kwa Profesa, na Profesa akatia saini pembeni. Hakuisoma.

"Hongera sana," Mwenyekiti akasema, akachukua biskuti nyingine.

Koridoni mzee alisimama alipomwona.

"Vipi?"

"Nimefaulu, Baba."

"Wamesoma?"

Aliona haya kumtazama. "Wamesoma."

"Ahaa!" Mzee akapiga kofi moja, mtu mzima, koridoni, mbele za watu. "Wameipenda sehemu gani?"

"Zote, Baba."

"Zote si sehemu," alisema fundi. Akaketi tena, akajisogeza kumpisha nafasi kwenye benchi. "Hebu kaa. Nitajie moja."