Madudu Yenye Sura Mbaya

Mama alipofariki aliniachia mbegu za kunde zake, hazikujaa hata kiganja. Mwaka huu nilizipanda zote nyuma ya nyumba, ikaota miche kumi na minne. Ikifa hiyo, kunde za mama zimekwisha duniani. Vidukari weusi, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, walipozifunika ncha zote, wifi yangu alikuja mbio na pampu ya dawa mgongoni.

"Wifi, nipishe nipige mara moja tu, yaishe."

"Hupigi! Dawa yako haichagui, itaua na walinzi wangu."

Walinzi wangu ni wadudu kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Nilikuwa nashona kwenye mlango wa nyuma nikawaona kwa macho yangu wakitafuna vidukari. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Wiki iliyofuata nikakuta madudu mengine kwenye majani, meusi, marefu, yana miiba na mabaka ya rangi ya chungwa. Sura mbaya mno. Hasira zikanipanda. Niliyaponda kwa vidole asubuhi nzima, huku nikijisifu kwamba sikuhitaji pampu ya mtu.

Moja liliniponyoka. Lilijibandika chini ya jani, likatulia kama limekufa, na siku chache baadaye likapasuka. Akatoka mdudu wa manjano, laini, na nikiwa bado namtazama, madoa meusi yakaanza kumtokea mgongoni. Nilikuwa nimeua watoto wa walinzi wangu.

Nililia, lakini si sana, maana vidukari hawakuwa wakinisubiri. Kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani nilichukua kitambaa chenye maji nikawafuta ncha kwa ncha. Wifi akaja tena na pampu yake. Nikamweleza kosa langu lote, bila kujitetea. Akaitua pampu chini.

"Nipe kitambaa kingine basi, kichwa kigumu wewe."

Miche tisa ilikufa. Mitano ikazaa, na wadudu kibibi wakarudi kutaga. Kunde zilipokauka niliambua mbegu, nikazigawa mafungu mawili, moja nikampa wifi.

"Unanipa mimi? Si mimi ndiye niliyetaka kupiga dawa?"

"Wewe ulitaka tu," nikamwambia. "Aliyeua ni mimi."