Upande wa Marehemu

Ndugu wawili walikuwa na duka moja la kuchapa kadi na barua, kompyuta moja, na ukaidi wa kumtosha kila mtu. Siku virusi vilipotafuna kadi za harusi ya mteja, kila mmoja alimtupia mwenzake lawama, na mkubwa, ambaye watu walizoea kumwita Wino, akamwita mdogo wake mjinga mbele za watu. Toka hapo wakanuniana. Binti wa mdogo, fundi wa kompyuta, alichoka na aibu ile, akaigawa mashine pande mbili. Ukiiwasha inakuuliza unataka mfumo upi: ule wa zamani ni wa Wino, huu mpya ni wa baba yake. Asubuhi mkubwa, mchana mdogo na bintiye pembeni. Miaka miwili, jamani, watu wa tumbo moja wanapishana mlangoni bila hata salamu!

Sasa mdogo amezikwa, na leo ni siku ya tisa. Wino hali, halali. Kinachomtafuna ni kimoja tu: ndugu yake alikufa na kinyongo naye, au hakuwa nacho? Maiti haiulizwi, lakini upande wake wa kompyuta upo. Huenda aliacha neno.

Akajaribu kuufungua kutoka kwenye mfumo wake. Ukamjibu kwamba diski ile haisomeki, je, aifomati? Alikuwa anakaribia kubofya "ndiyo" binti alipoingia.

"Baba mkubwa! Utafuta kila kitu!"

"Basi nifungulie wewe."

"Nimeshakwambia mara tatu, achana nayo. Mwenzako ameshapumzika, na wewe pumzika."

Wino akachachamaa, akamwambia hana adabu, amelelewa vibaya. Kisha akalia, mtu mzima na mvi zake. "Nataka kujua tu kama alinisamehe, mwanangu. Tangu siku ile sikumtamkia neno baya. Hata moja."

 Binti akavuta kiti, akaizima mashine, akaiwasha, akachagua upande wa baba yake. Wino akasogea. Cha kwanza alichokiona kilimshangaza: kazi zake mwenyewe, folda zake zote, zimepangwa pale pale.

"Hizi si zangu?"

"Mfumo wa baba unasoma wako. Wako ndio hausomi wake. Kila mchana alinituma nimfungulie kazi zako, ajue leo umefanya nini. Ndiyo njia aliyobaki nayo ya kukujulia hali."

Loo!  Hasira hasara, waliosema hawakukosea. Mwaka jana, asubuhi moja kifua kikimwaka, aliandika barua ya kujipoza moyo tu: "Wewe si ndugu yangu. Nikifa usije kunizika." Hakuichapa, aliiacha humo kwenye kompyuta. Siku ya tatu aliifuta kwa haya, akaanza nyingine ya kuomba radhi, akaipiga msasa miezi na miezi, kila siku akijiambia kesho nitampa.

Binti alikuwa ameshafungua folda iliyoitwa Kaka. Ndani mlikuwa na faili moja, ile barua ya kwanza, ya hasira, imenakiliwa siku ile ile ilipoandikwa.

"Aliisoma?" Wino aliuliza kwa shida.

"Macho yalikuwa yameshamshinda, baba mkubwa. Nilimsomea mimi."

Mwaka mzima mtoto huyu amekuwa akimwamkia kwa heshima, akimwekea chai mezani kabla hajaiomba. Wino hakuweza kumtazama usoni.

"Niliandika nyingine," alisema. "Ipo upande wangu, itazame, nimemwita mdogo wangu kipenzi, nimemwangukia miguuni. Hiyo je? Hiyo ulimsomea?"

"Siku niliyomsomea ile ya kwanza aliniambia nisimfungulie tena upande wako," alisema binti, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia. "Sikumfungulia."