Chuma cha Mzee Shekalaghe

1

HOSPITALI YA MKOA. KADI YA MGONJWA
Jina: Shekalaghe, Athumani. Umri: 67. Kazi: mkulima.
Tatizo: mfupa wa mkono wa juu, kushoto, umevunjika. Aliteleza bafuni.
Matibabu: upasuaji. Fimbo ya chuma imepitishwa ndani ya mfupa kutokea begani, ikafungwa kwa skrubu.
Maelekezo: mazoezi kila siku. Arudi kliniki baada ya wiki sita.

2

Mkulima, nani? Nilidanganya. Mimi ni muunga mifupa, mwaka wa arobaini huu, kwa vipande vya mianzi, vitambaa na mafuta ya ufuta. Ni mimi niliyewaambia watu wa Soni kwamba hospitali wanapigilia binadamu misumari kama wanaezeka banda. Nilipoanguka nilijua mianzi haitatosha. Nikamwambia mwanangu anipeleke mbali, nisikojulikana.

3

Dukani, wanamuuliza mwanangu:
— Mzee yuko wapi siku hizi?
— Harusini, Tanga.
— Harusi gani ya wiki mbili?

4

Ninayoyafanya mlango ukiwa umefungwa:

kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo
kumeza dawa zao
kupona

5

Wiki ya tatu, nimesharudi nyumbani, kovu nimelificha ndani ya kanzu, akaja Zaituni, fundi cherehani, mkono wa kulia unaning'inia. Mfupa uleule.

"Baba, wananiambia nikawekewe chuma. Wewe unasemaje?"

Ningesema kweli, dakika moja tu, yangekwisha. Nikasema, "Ukishawekewa chuma, mkono si wako tena."

Mwanangu akashika, mimi nikafunga. Nikakaza. Mwanangu hakunitazama.

6

Wewe unayesoma, nawe usinitazame hivyo. Ungefanyaje, na jina lako lote limejengwa juu ya

7

Aibu.

8

Kliniki ya mifupa, Jumanne, wiki yangu ya sita. Zaituni yuko kwenye benchi, kapewa rufaa. Kiganja kimelegea, hawezi kukiinua. Daktari kamwambia mshipa wa fahamu umebanwa mno. Watampasua, lakini kuhusu kushona tena hakumwahidi kitu.

Aliponiona alisimama, machozi yanamtoka.

"Baba, umekuja mpaka huku kunijulia hali."

Akanipisha nafasi. Nikakaa, nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

Muuguzi akatoka na faili. "Shekalaghe Athumani, aliyewekewa chuma."

Sikunyanyuka.

"Shekalaghe?"

Zaituni akanigeukia.

"Baba, mbona wanakuita wewe?"