Jiko la Mogesi na Moto wa Aloo

Akina mama wa Kerende, na ninyi wa Nyanungu, jiko lililochomewa dhahabu lisiingie nyumbani kwenu hata mkipewa bure. Sisi tulipewa bure.

Binti yangu Gati alirudi kutoka chuoni akiwa na mimba ya mjukuu wangu wa kwanza, na mfuko wa unga mweupe unaoitwa titani. Alisema unga huo ukipakwa kwenye vigae na kuchomwa mpaka ushike, vigae vikilazwa kwenye maji juani, vinamaliza dawa ya josho la ng'ombe inayoingia mtoni. Sikuelewa yote. Niliukoroga kama uji, nikapaka. Lakini moto wa mkaa wetu haukutosha. Tulipoviosha, unga wote ulibanduka.

Ndipo Mogesi, kijana wa machimboni, akatuletea jiko lake la feni.

"Mama Gati, hili limechoma dhahabu tangu watu wafurike hapa. Litashindwa na uji wenu?"

"Na ile zebaki mnayochanganya na dhahabu, ikichomwa inaenda wapi?"

"Inapaa."

"Inapaa inatua wapi?"

"Mama naye! Muulize Mungu."

Gati alishainama kuwasha. Alijua zebaki ni sumu, ila alidhani moto ulishaimaliza. Mimi ni mwoga, wote wananicheka. Nikamvuta kanga, nikagonga mfuniko wa jiko kwa mwiko. Vitone vya zebaki vya kung'aa vikadondoka, vikakimbizana mavumbini kama vina uhai.

Gati alishika tumbo. Mogesi hakucheka tena.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Aloo, Mjaluo, mfinyanzi. Siku ya kuchoma vyungu vyake aliweka vigae vyetu ndani ya chungu kimoja, akakifunika, akapanga kuni na samadi kavu.

"Wakurya mnajua ng'ombe tu," alisema. "Moto tuachieni wenyewe. Na akizaliwa msichana, namposea mjukuu wangu."

"Lete ng'ombe kwanza!" nikamjibu.

Vigae vilitoka vyeupe, ukikwaruza havibanduki. Tulivijaribu kwenye beseni la maji yenye rangi ya mikeka. Vigae na jua la mchana vikaifuta rangi yote. Nikafurahi, nikachukua kikombe.

"Mama, hapana! Siyo ya kunywa. Na zebaki, vigae hivi haviitoi."

Mtoto kazaliwa salama, wa kike, analia mpaka ng'ombe wanageuka. Namshukuru Mungu, namshukuru Aloo, ingawa ng'ombe hajaleta. Ninyi msigonge hata huo mfuniko. Mkatazeni mwenye jiko akiwa bado njiani.