Mwaka wa Masikio

Watu wa klabu ya misaada wana jambo moja ambalo Waridi hakulijua mpaka lilipomkuta: kila Julai wanabadilisha rais wao, na kila rais anakuja na wema wake. Si wema wa jana. Wake mwenyewe, mpya, wenye tisheti zake. Mwaka wa Bwana Macharia ulikuwa mwaka wa masikio. Huyu wa sasa, Madam Ngina, ni mwaka wa miti. Na kama wewe ni mtu wa masikio na umeangukia mwaka wa miti, pole yako.

Binti yake Waridi, Ikhlas, alizaliwa na masikio mazito. Ukimwita kwa nyuma ni sawa na kuita ukuta. Klabu ilisimamisha hema kwenye ile hoteli ya zamani ya maporomoko, Thika, ikapima watoto na kuwavalisha mashine ndogo za kusikia. Waridi alikuwa hata hajaketi vizuri. Mtu wa jikoni akaangusha sufuria, na Ikhlas akageuka. Aligeuka! Waridi akamwita jina, mtoto akageuka tena, akacheka, na mama mtu akalia mbele za watu mpaka ushungi ukalowa. Wallahi, furaha ya namna ile hakuwa ameionja tangu azaliwe.

Sasa, mashine zile zinakula betri. Ni betri ndogo kama punje za dengu, na hazikai. Bwana Macharia aliwapa wazazi akiba, akasema zikiisha wapige simu. Zilipoisha, Julai ilikuwa imeshafika.

"Mama Ikhlas, mimi nilishatoka ofisini," Macharia alimwambia kwa simu, kwa upole kabisa. "Ongea na hao wapya."

Hao wapya nao wakamwambia maneno ya masikio ni ya Macharia. Baada ya hapo ujumbe wake ukawa unasomwa tu, zile alama mbili za bluu, halafu kimya. Fundi wa saa pale Githurai alimpa betri zake, zikakataa kuingia. Mara moja alinunua zenyewe Nairobi, na wiki hiyo hakupika chapati za kuuza, maana pesa ya unga ndiyo iliyoingia masikioni. Nazo zikaisha. Faki, baba wa mtoto, anayebeba mizigo kwenye godauni Ruiru, akasema Mungu akipenda atasikia, akageukia ukuta akalala.

Na Ikhlas? Aliendelea kuvaa mashine zake zilizokufa. Asubuhi anazivaa mwenyewe, anazigonga kwa kidole, kisha anamtazama mamake. Hakasiriki. Anangoja tu, kama mtu aliyezimiwa taa na mtu wa nyumbani. Hicho ndicho kilichomkata Waridi maini: mtoto alidhani ni yeye aliyezima.

Halafu kulikuwa na shule. Shule ya hapo Mwihoko ilimkubali Ikhlas kwa sharti moja. "Akiwa na mashine, karibu," mwalimu mkuu alisema. "Bila mashine, mama, tafuta shule ya viziwi. Hapa madarasa yamefurika, nani atakaa na yeye?" Hiyo shule ya viziwi Waridi alishaiendea. Ni ya bweni, ni mbali, na nafasi hakuna; aache namba, watampigia. Mpaka leo wanampigia. Kwa hiyo Ikhlas akitolewa Mwihoko, ni kukaa nyumbani kutazama sufuria, basi.

Mwalimu Bridget, wa darasa lake, alipoanza kulalamika, "Mama Ikhlas, huyu ananionyesha madharau, naita haitiki," Waridi akasema ni mafua, yameziba. Alipofika nyumbani akamketisha mtoto mbele yake. Akamchezea midomo: u-na-si-ki-a? Akamshika kidevu, akamfundisha jibu: nasikia. Akijibu vizuri, peremende. Jioni baada ya jioni walifanya hivyo, mpaka ikawa Ikhlas akiona tu midomo ya mtu imekaa hivyo, anajibu bila kukwama, "Nasikia!" na kutoa mkono apewe chake. Mwalimu Bridget alimjaribu mara mbili tatu, akaridhika. Uongo? Ndiyo, ni uongo. Wewe ungefanya nini?

Mvua za vuli zilipokaribia, Madam Ngina mwenyewe akapiga simu.

"Mama Ikhlas, tunakuja kupanda miti hapo kwa shule yenu Jumamosi. Kutakuwa na wageni wa klabu zingine. Tunataka yule mtoto wetu wa masikio awe hapo, watu waone kazi yetu."

Waridi alisema ndiyo kabla mwenzake hajamaliza. Hatimaye! Ujumbe unaweza kuunyamazia. Mtu aliyesimama mbele yako utamnyamazia vipi? Akapanga maneno yake. Atamvuta kando, mbali na walimu, amwombe kitu kimoja tu: betri.

Jumamosi ikafika. Tisheti za kijani kila mahali, miche imejaa pikapu, spika inatoa nyimbo za kusifu. Madam Ngina ni mtu mwema, tusimsingizie. Alikuja na gambuti, akashika jembe mwenyewe, jasho likamtoka. Alipomwona Ikhlas alichuchumaa na kumkumbatia kama mwanawe. Lakini Waridi kabla hajafungua mdomo, yule mama alishamshika mtoto mkono na kumpeleka mbele ya watu.

"Kabla tupande hata mti mmoja," akasema kwenye maiki, "nataka muone huyu." Akainama, uso kwa uso. "Ikhlas, mrembo wangu, unasikia?"

Waridi aliiona ile midomo ikikaa vile vile alivyoifundisha yeye. Usijibu, mamangu, akaomba moyoni. Leo tu, usijibu.

"Nasikia!"

Sauti ikatoka kwenye spika, ikajaa uwanja mzima. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Ikhlas akanyoosha mkono apewe peremende yake, na Madam Ngina, akidhani anasalimiwa, akaushika akautikisa. Makofi yakazidi. Mwalimu mkuu alikuwa akitabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Mama, sema neno," wakamwekea Waridi maiki mdomoni.

Kusema betri zimekwisha ni kumwambia mwalimu mkuu. Kunyamaza ni kuwaambia klabu mambo ni sawa.

"Asanteni," akasema. "Mungu awabariki."

Alimpata Madam Ngina baadaye kwenye mfereji, akinawa udongo.

"Madam, samahani. Zile mashine za mtoto... betri ziliisha kitambo."

"Haiya! Ziliisha?" Madam Ngina akacheka, si kwa ubaya. "Mama Ikhlas, si amenijibu sasa hivi mbele ya kila mtu?"

Waridi akavuta pumzi aseme. Nilimfundisha, anasoma midomo, hasikii hata ngurumo. Maneno yalikuwa pale pale ulimini. Ndipo mwalimu mkuu akafika na taulo la mgeni mkononi.

"Ikhlas? Huyo yuko sawa kabisa," akasema kwa fahari. "Hana tofauti na wengine."

"Nimejionea," akasema Madam Ngina. "Wacha nikuambie ukweli, mama. Kuna betri zilibaki za wakati wa Macharia, ziko kwa stoo. Kamati ilisema nije nione kwanza kama wako anazihitaji. Kuna kijana mwingine huko Thika, huyo zake zilizima, hasikii kitu, mamake analia kila siku. Nitampelekea zote. Wako yuko sawa, ama?"

Mwalimu mkuu alikuwa akimtazama Waridi, akingoja ajibu.

"Yuko sawa," akasema Waridi.

Akapewa mche wa mparachichi aende akapande nyumbani. Kwenye ploti yao ni simiti mpaka mlangoni. Aliuacha kwenye geti la shule.

Jioni alichuchumaa mbele ya jiko la makaa, ameupa mlango mgongo.

"Nasikia."

Akageuka. Ikhlas alikuwa amesimama kizingitini, amezivua mashine zake zote mbili, amezishika kiganjani, anamnyooshea.

"Nasikia," akarudia, taratibu, kwa adabu, kama mtoto anayeomba maji. Huyu hakuwahi kuambiwa maana ya neno lile. Alichojua ni kwamba ukilisema, unapewa.

Waridi akapapasa mfuko wa dera, akapata peremende, akamtilia mkononi. Mtoto akaitazama, akamrudishia. Akagusa sikio lake, akasogeza zile mashine karibu zaidi na uso wa mamake.

"Nasikia. Nasikia."

"Sina, mamangu," Waridi akasema. Akageukia jiko upesi, asionekane midomo, akaanza kupuliza makaa, na mtoto nyuma yake akaendelea kuomba.