Nchi ya Tano ya Harriet

Harriet alikwisha kwenda Ufaransa, Italia, Uhispania na Uingereza, na kote huko alipigwa picha akiwa amevaa miwani ileile ya jua. Picha zilitundikwa sebuleni kwake, Busia upande wa Uganda. Shida ilianza siku mke wa mchungaji aliporudi kutoka Paris na picha yake: mnara uleule, mkono kiunoni vilevile.

"Mahali pa kila mtu siendi tena," Harriet alimwambia wifi yake, Athieno. "Nitafutie nchi ya Ulaya ambayo mtu wa Busia hajakanyaga. Ukiipata, tunakwenda wote wawili. Tikiti yako iko juu yangu."

Athieno alifundisha jiografia Tororo. Kwa miaka ishirini alikuwa amechora mapango na mito ya Ulaya ubaoni, na hakuwa amewahi kutoka Afrika Mashariki. Kwa miezi minne alilinganisha Estonia, Albania na Slovenia, akaichagua Slovenia. Kule kuna mawe ya chokaa, kama yanayochimbwa Tororo, ila maji yameyala mpaka yakatoboa mapango ambamo watalii hupita kwa treni. Ardhi ya namna hiyo, popote ilipo duniani, huitwa karsti, kwa jina la eneo moja la huko Slovenia. Neno hilo alikuwa ameliandika ubaoni kila mwaka. Alitaka kuiona karsti kwa macho yake mara moja tu. Zaidi ya hapo hakutaka kitu. Akaomba pasipoti.

"Mwalimu, huyu ni nani?" ofisa aliuliza, akimsukumia karatasi.

Ilikuwa nakala ya kitambulisho cha Kenya. Sura ilikuwa yake. Tarehe ya kuzaliwa haikuwa yake, na mahali pa kuzaliwa paliandikwa Busia ya ng'ambo. Mpakani si yeye peke yake aliyekuwa na vitambulisho viwili. Yeye na Harriet walichukua vya Kenya siku moja, miaka kumi na mitano nyuma, meza moja, wino mmoja wa vidole: Harriet apate kuuza ng'ambo samaki wa ziwani Majanji bila kusumbuliwa, Athieno atafute kazi ya kufundisha huko kwa mshahara wa maana. Nakala zote mbili zilikaa katika sanduku la bati chumbani kwa Harriet. Ufunguo ulikuwa mmoja, na Harriet aliuvaa shingoni.

Pasipoti ilikataliwa. Ofisa alimwambia ashukuru kwamba haendi mahakamani.

Alimkuta Harriet anakunywa chai na rafiki yake Babra, mwuza vitenge. Babra alikuwa anajaribu koti zito la baridi, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Wewe ndiye uliyeipeleka ile karatasi," Athieno alisema.

Harriet hakukana. "Wifi, usininunie. Babra anajua kuvaa, anajua kucheka. Wewe ungenisimamisha kwenye kila jiwe, unifundishe."

"Na mtihani juu!" Babra akadakia, akacheka mpaka chai ikamwagikia koti.

"Si ungeniambia tangu mwanzo kwamba hunichukui?"

"Ningekwambia, ungetafuta kwa bidii ile? Ningekunyima tu, ungelia hapa mwezi mzima. Sasa serikali imekunyima, nenda ukaililie." Harriet alivua ufunguo shingoni. "Hebu tujazie fomu za viza. Wewe ndiye msomi. Cheti changu cha ndoa kimo sandukuni."

"Sawa, wifi," Athieno alisema.

Alifungua sanduku. Cheti cha ndoa kilikuwa juu. Chini yake ilikuwa nakala moja ya kitambulisho cha Kenya, ya Harriet. Akachukua vyote viwili.

Fomu iliuliza kama mwombaji ana uraia mwingine. Mara nne, kwa safari nne, Athieno alikuwa amejaza hapo kwa mkono wake: hakuna. Safari hii aliandika: Kenya. Akaongeza namba ya kitambulisho na ile tarehe nyingine ya kuzaliwa, akabana nakala nyuma ya cheti cha ndoa. Watakaoisoma wangekuwa na majibu manne ya zamani ya kulinganisha na hili jipya.

"Hapo wanauliza nini?" Harriet alinyoosha shingo.

"Uraia."

"Umejibu?"

"Nimejibu. Weka sahihi hapa chini."

Harriet alitia sahihi bila kusoma, huku akimwuliza Babra kama mke wa mchungaji atakufa kwa presha au kwa wivu.

Kisha Athieno aliivuta fomu ya Babra. Babra alikuwa na kitambulisho kimoja tu maishani. Kwenye swali lile Athieno aliandika hakuna, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Mimi nitapata kweli, mwalimu?" Babra aliuliza.

"Wewe utapata," Athieno alisema. "Beba kamera nzuri."